MASHINI YA MAMA ILISIMAMA, NAMI NIKANYAMAZA



Mmezoea kuona kapita akiandika katika gazeti letu juu ya kuchelewa, juu ya kelele wakati wa masomo ya jioni, na juu ya wale wanaosahau kupiga fagio. Leo sitaandika makosa yenu. Nitaandika kosa langu mimi, na mashini ya kushona. Mtauliza: kapita wa mwaka wa sita, anayengoja Mtihani wa Serikali, ana kazi gani na mashini ya kushona? Someni mpaka mwisho, ndipo mcheke.

Nyumbani kwetu tuko na mashini moja ya miguu, nyeusi, ya zamani. Mama anashonea watu bulauzi na mashuka, na zaidi ya yote nguo za shule, mashati meupe na suruali na sketi za bulu. Ile mashini ndiyo inanilipia minerivali. Mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe ulipofurika, ukabomoa manyumba mengi hapa Uvira na kuua watu, tuliikuta ndani ya tope. Mama aliitoa, akaifungua kipande kwa kipande, akaosha na petroli, akatia mafuta, ikashona tena. Basi kwetu ile si chuma tu.

Sasa kisa chenyewe. Ilikuwa mwisho wa likizo kubwa, wiki moja mbele ya masomo kuanza. Mama alikuwa na nguo za watoto 11 za kumaliza. Jioni moja, nikitaka kumsaidia, nilisafisha mashini. Nilipangusa vumbi, nikatia mafuta, nikafungua hata kile kifungo kikubwa cha katikati ya volani, yaani lile gurudumu la mkono wa kuume. Ndani yake mna rondeli nyembamba yenye masikio. Niliifuta, nikairudisha, nikakaza kifungo na skurubu yake ndogo. Sikujaribu kushona. Nilifunika mashini, nikaenda kulala nikijiona fundi mkubwa.

Asubuhi mama mmoja jirani alileta kitambaa chake. Akakaa kidogo kwenye kiti cha mashini, akaigusa, akasema: "Mama, wewe uko na bahati. Mashini kama hii haipatikani tena." Akaenda zake. Mama akakaa, akakanyaga. Volani inazunguka, sindano haishuki. Akakaza kifungo kwa nguvu zake zote. Volani ikazunguka bure, sindano imesimama palepale.

Kabla ya saa sita, kiwanja chote kilikuwa na jibu. "Ni ule mama! Aliisifu na jicho mubaya." Shangazi akaongeza: "Tangu siku ile alianza kuingia humu, mimi nilisema." Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua ni mkono wa nani uliofungua kile kifungo. Lakini niliogopa hasira ya Papa, tena niliona haya. Nikanyamaza.

Fundi mmoja wa kando ya barabara aliitazama akasema kuna chuma kimevunjika ndani, alete dola 20. Mama hakuwa nazo. Wenye vitambaa wakaanza kuja mmoja mmoja kuvirudisha kwao. Yule mama jirani naye akasikia yaliyosemwa. Akaacha kutusalimu. Binti yake, aliyekuwa akija kusoma na dada yangu mdogo, akaanza kupita njia ya mbali kwenda kuteka maji. Ninyi nyote mnajua neno la namna ile linaweza kufika wapi. Linaanza na mashini, linaishia na mawe.

Siku ya tano tulibeba kichwa cha mashini mpaka kwa mzee mmoja fundi, upande wa Kalundu. Hakushika turunevisi kwanza. Aliuliza: "Mama, mara ya mwisho ilishona vizuri ni lini? Na tangu saa ile, nani aliigusa, na aligusa nini?" Mama akaanza kumtaja jirani. Mzee akamkata: "Hapana, mama. Sikuulizi nani ana moyo mubaya. Ninauliza nani alifungua skurubu."

Hapo ndipo kinywa changu kilifunguka.

Mzee alitoa ile skurubu ndogo, akatoa kifungo, akatoa rondeli, akaizungusha nusu, akairudisha. Akanionyesha sababu. Nilikuwa nimeiweka vibaya, hata ile skurubu ndogo ikagonga sikio la rondeli kabla kifungo hakijafika mwisho. Ukikaza kwa mkono unaona kimekaza, kumbe kimezuiwa njiani, hakibani volani. Akazungusha volani, sindano ikashuka. Kazi ya dakika tano. Hakuomba dola hata moja, alinituma kumnunulia sukari ya chai.

Wapendwa, kutokana na mambo haya nina mawazo mawili, na la pili linatuhusu sisi wote wa shule hii.

La kwanza: mashini haina moyo. Haipendi mtu, haichukii mtu. Ikikataa, sababu iko katika chuma, katika uzi, katika kitambaa, au katika mkono wa mtu. Sisi ni shule ya Kiprotestanti, tunajua amri ya tisa kwa kichwa. Basi kumtwika jirani kosa ambalo hujalikagua ni ushuhuda wa uongo, hata ukisema kwa sauti ndogo, hata ukisema kwa machozi. Na anayejua kweli akanyamaza, kama mimi, ameshuhudia uongo vilevile.

La pili: mashini inatengenezwa kwanza na kweli, kisha na turunevisi. Lile swali la mzee, "nani aliigusa, na aligusa nini?", ndilo ufunguo. Lakini swali hilo halipati jibu mahali ambapo watu wanaogopa. Hapa ninajishitaki tena. Mwaka jana, katika chumba cha ushonaji, tulikuta mara tatu mashini imekufa na hakuna aliyejua chochote. Mimi nikashauri darasa zima likate majani. Tulipata nini? Majani mafupi, na mashini bado imekufa. Tuliwafundisha wadogo zetu kuficha vizuri zaidi.

Kwa hiyo naomba Bwana Prefe na waalimu wetu wafikiri jambo hili. Mwanafunzi anayesema siku ileile, "mimi nilifungua hapa", asiadhibiwe, lakini akae Jumamosi mchana asaidie kuitengeneza. Anayeficha, huyo aadhibiwe. Na kando ya kila mashini kuwe daftari: tarehe, aliyeitumia, alichobadilisha.

Najua waalimu wengine watasema: mkiondoa azabu, watoto watavunja kila kitu. Ninajibu kwa heshima: aliyekaa saa nzima akitoa nyuzi ndani ya naveti kwa ncha ya sindano hatavuta kitambaa kwa nguvu tena. Kutengeneza nako ni azabu, lakini ni azabu yenye kufundisha.

Na wavulana wasikimbie chumba kile. Wanasema kushona ni kazi ya wasichana. Basi piteni sokoni Mulongwe mhesabu wanaume wanaokanyaga mashini! Ni kweli Dorkasi alishonea wajane nguo, lakini Mtume Paulo naye alikuwa fundi wa hema. Na Barthélemy Thimonnier, aliyepata hati ya mashini yake ya kushona kule Ufaransa mwaka 1830, alikuwa fundi wa nguo mwanamume. Mwaka 1831 mafundi wenzake wa Paris walivamia karakana yake wakavunja mashini, kwa kuogopa kunyang'anywa kazi. Mnaona, hata huko watu waliilaumu mashini.

Sasa, ili maneno yangu yasiwe ya mimbarani tu, haya ndiyo mambo niliyojifunza kwa yule mzee. Mashini ikisimama ghafula, usiipige, usifungue skurubu kumi kwa mara moja. Toa mguu kwenye pedali, kisha uulize kwa mpango:

1. Volani inazunguka, sindano haisogei? Tazama kifungo cha katikati. Kinalegezwa wakati wa kujaza uzi kwenye kanete, watu wanasahau kukikaza. Kama ulikifungua, tazama rondeli.

2. Miguu inakanyaga, volani haizunguki vizuri? Tazama mkanda wa ngozi. Ukilegea unateleza. Ukate kidogo, uunge tena.

3. Volani imekuwa ngumu kabisa? Usilazimishe. Mara nyingi uzi umejisokota ndani ya naveti. Toa kanete, toa uzi wote na vumbi la kitambaa. Kama si uzi, ni mafuta yaliyoganda. Hapa kwetu wengine wanatia mawese. Mawese ni ya sombe, si ya mashini, yanakauka yanakuwa kama gundi. Tia petroli kidogo, mbali na moto, zungusha polepole mpaka ilegee, pangusa, kisha tia mafuta mepesi ya mashini, tone moja kila tundu. Shona kwanza kwenye kitambaa kibovu.

4. Sindano inashuka lakini haishoni? Kumbuka namna inavyofanya kazi. Sindano inashuka na uzi wa juu, ikianza kupanda uzi unafanya kitanzi, na ndoano ya naveti inakikamata na kukizungusha kwenye uzi wa kanete. Sindano ikiwa imepinda, haikufika juu kabisa, au imegeuzwa, ndoano haipati kitanzi. Mfereji mrefu wa sindano uelekee upande uzi unapoingilia.

5. Nyuzi zinajaa chini ya kitambaa? Wengi wanalaumu kanete. Mara nyingi kosa liko juu. Kiguu cha kubana kitambaa hakikushushwa, au uzi haukupita mahali pake pote. Toa uzi, anza upya.

6. Kitambaa hakitembei? Tazama kama kipimo cha hatua kiko sufuri, au kama meno ya chini yamejaa vumbi.

Badilisha kitu kimoja, jaribu. Kisha kingine, jaribu. Ukibadilisha vitano pamoja hutajua ni kipi kilichoponya na kipi kilichoharibu.

Namaliza. Siku ileile tuliporudi kutoka Kalundu, Mama na mimi tulikwenda kwa yule jirani. Nilipiga magoti, nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mwanangu, nimekusamehe." Kisha akamtazama Mama, akasema: "Lakini wewe, mama, ulinijua miaka yote ile." Mama hakuwa na jibu. Kitambaa chake tulikishona bure, akakipokea. Anatusalimu sasa. Binti yake bado anapita njia ya mbali.

Mashini ilichukua dakika tano kupona. Hii nyingine sijui itachukua siku ngapi, na kifungo chake nilikilegeza mimi kwa kunyamaza. Ndiyo maana naandika. Ukigusa, sema. Usingoje siku ya tano.

Mungu awabariki wote.

Kapita wa shule, mwaka wa sita