Pampu Haifi Ghafla: Tenga Pesa ya Vitu Kabla ya Msimu

Ni Jumamosi ya Pasaka. Gesti yako ya Tononoka imejaa, wageni wanataka kuoga, na pampu imekata. Fundi anasema haitengenezeki, nunua mpya. Mapato ya wiki yameshaingia kwenye karo na kodi. Unashika simu, unakopa.

Sisi ni kampuni ya malipo, lakini tunasema wazi: hiyo si dharura. Pampu ilianza kufa siku ile uliyoifunga.

Mombasa ni kisiwa. Upepo wa chumvi unakula AC kwa nje, na maji ya kisima yanaacha ukoko mweupe kwenye shawa. Godoro nalo linalaliwa na mtu mwingine kila usiku. Kila kitu ndani ya gesti kina umri wake. Kusema "inshallah itafika Desemba" bila kuweka hata shilingi si mpango, ni kubahatisha.

Hoteli kubwa hazibahatishi. Katika mikataba mingi ya uendeshaji, takriban asilimia 4 ya mapato hutengwa kwa ajili ya kubadilisha fanicha na vifaa, kabla mwenye hoteli hajagusa faida. Kwa nini gesti ndogo isifanye hivyo?

Tupige hesabu. Tuseme una vyumba 12 kwa shilingi 1,500, na kwa kawaida 8 vinapata wageni. Hiyo ni 12,000 kwa usiku. Asilimia 4 ni 480. Kwa mwezi wa siku 30 ni 14,400, na kwa mwaka ni 175,200. Hapo pampu haikukoseshi usingizi.

Utasema, "Hiyo 480 ni unga na mafuta ya nyumbani." Tunaelewa. Lakini angalia: msimu ukiwa mbaya na vyumba 3 tu vikilala wageni, unatenga 180. Asilimia inashuka pamoja na mapato yako. Mkopo haushuki, unadai vilevile gesti ikiwa tupu.

Ufanyeje?

1. Wageni walipe kwa namba ya till ya biashara, si kwa laini yako binafsi. Ukishafunga hesabu ya siku, hamisha ile asilimia 4 kwenye akiba ya pembeni. Ipe jina: Vitu.

2. Lipa fundi na duka kwa simu, kisha andika kitu kilichotengenezwa na chumba chake. Dai ankara ya eTIMS pia. Tangu Januari 2024, gharama nyingi za biashara zisizo na ankara hiyo hazikubaliwi na KRA kwenye hesabu ya kodi.

3. Kila miezi mitatu soma taarifa yako ya malipo. Ukiona AC ya chumba kimoja imekula nusu ya bei ya mpya kwa matengenezo, acha kuitibu. Ibadilishe wakati wageni ni wachache na fundi ana nafasi, si mkesha wa Krismasi.

Mgeni anayeshuka basi usiku, amechoka, hajui shida zako. Anafungua bomba tu. Maji yasipotoka, kesho anahamia gesti ya jirani, na huyo hatakuaga.

Anza leo usiku: shilingi 4 kwa kila mia.