Injini Haivuti Hewa

Kitenzi "kuvuta" kimewagharimu fedha nyingi wapenzi wa magari ya kasi. Husemwa kwamba injini huvuta hewa, kwamba tundu kwenye boneti huvuta baridi, kwamba chujio kubwa huvuta kuliko dogo. Kwa imani hiyo mtu hushika msumeno, akatoboa boneti palipompendeza macho, kisha akangoja hewa ije kwa kuwa imeitwa. Nadai kwamba kosa hili ni la lugha kabla ya kuwa la ufundi, na kwa sababu hiyo linatuhusu sisi tunaokesha tukihesabu mizani.

Hewa haivutwi. Pistoni inaposhuka huacha uwazi ndani ya silinda, na uzito wa anga lote lililo juu yetu huisukuma hewa ya nje ijaze uwazi huo. Ushahidi umo katika pembe ya kuumikia, ile iitwayo chuku. Muumikaji hunyonya hewa iliyo ndani ya pembe, na damu ikapanda; machoni imevutwa, kumbe imesukumwa. Inanifurahisha kwamba jina la pembe hiyo ndilo tulilolifanya istilahi ya kutia chumvi katika fasihi, maana hakuna uwanja wenye chuku nyingi kama maelezo ya magari ya michezo.

Kubwa kuliko zote ni ile ya mdomo wa boneti unaotazama mbele, kwamba upepo wa mwendo huishindilia hewa ndani ya injini. Tupime. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, upepo unaoligonga na kusimama una nguvu ya kuinua maji ndani ya mrija kwa sentimita 5 hivi, wala hazitimii. Anga lenyewe, pale ufukweni Mombasa, huyainua mita 10. Faida haifiki nusu ya asilimia moja! Faida ya kweli iko katika ubaridi. Hewa ya nyuzi 60 iliyonaswa chini ya boneti ni nyepesi kwa takriban asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30 iliyo nje, na kila lita ya petroli huhitaji kiasi cha kilo 11 za hewa ili iungue sawasawa. Ndiyo maana chujio la wazi lenye umbo la pia, likifungwa kando ya eksozi bila ngao ya joto, huongeza mngurumo na kupunguza nguvu. Sikio husifu, gari likachoka. Mrija wa chujio hilohilo ukipelekwa nyuma ya bampa, mahali penye kivuli na upepo, hali hubadilika.

Sasa tuje kwenye neno "tundu", ambalo nalo lina lawama yake. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally kwa Mitsubishi Lancer Evolution. Mwaka uliofuata Colin McRae akaishinda kwa Subaru Impreza. Magari yote mawili yana boneti zilizotobolewa, na vijana wengi wakaiga moja wakidhani wameiga jingine. Tundu la Subaru huingiza hewa: hewa hushuka juu ya intakula, yaani rejeta ndogo inayopoza hewa iliyobanwa na turbo, nayo imelala juu ya injini. Tundu kubwa la Lancer ya miaka ile hutoa: intakula yake iko mbele nyuma ya bampa, na boneti imefunguliwa ili joto lipate njia. Tundu moja ni mdomo, la pili ni dohani. Lugha yetu ikiyaita yote "tundu" na kunyamaza, msumeno utayachanganya.

Wako watakaotaka tuunde istilahi mpya. Sioni haja. Kauli ya kutendea inatosha, tena ni mali ya nyumbani: tundu la kuingilia hewa, tundu la kutokea hewa. Silabi hizo chache hubeba mwelekeo, na mwelekeo ndio ufundi wote. Rejeta haipozwi na upepo ulio mbele yake. Hupozwa na upepo unaoipita, nao haupiti iwapo nyuma yake chumba cha injini kimejaa hewa iliyokosa pa kutokea.

Mahali penyewe je? Hewa inayopanda juu ya pua ya gari hukimbia, na shinikizo lake juu ya boneti hupungua. Hapo, nyuma kidogo ya rejeta, ndipo pa kutokea. Chini ya kioo cha mbele mambo hugeuka, maana upepo hugonga kioo ukarundikana. Chevrolet walilijua hilo walipouza Chevelle SS ya mwaka 1970 yenye boneti ambayo mlango wake wa kuingilia hewa ulitazama kioo. Hata hivyo ingaliko desturi ya kupachika vyuma vidogo chini ya bawaba ili ukingo wa nyuma wa boneti uinuke, eti joto litoke. Kwenye foleni hutoka kweli. Barabara ikifunguka, upepo huingia kupitia upenyo huohuo, ukasimama nyuma ya rejeta na kuizuia isipumue. Mwenye gari huona mshale wa joto ukipanda kadiri anavyokimbia, akamlaumu fundi wa rejeta.

Kabla ya kukata, bandika nyuzi fupi za sufi kwenye boneti, mwenzio aendeshe na wewe utazame zinalala upande gani. Kisha chukua mrija mwembamba wa plastiki uliokunjwa, utie maji ya rangi, ncha moja uilaze juu ya boneti na nyingine chini yake. Maji yatasema pa kukata.

Limebaki jambo moja lisilo na jina. Mbele ya tundu la kutokea, mafundi hodari huinua ukingo mdogo wa bati, urefu wa kidole au pungufu, ili upepo uruke na kuacha uwazi wa kuinyanyua hewa ya moto. Mimi nauita kope. Mwenye neno bora, au anayelitumia jingine gerejini kwake, na alilete tulipime.