Kuchakura si Uvivu

Makala ya wiki iliyopita, iliyowataka wafugaji wa nyumbani wawafungie kuku wote bandani na kuwalisha chakula cha kiwandani, imeniacha na swali moja: mwandishi amewahi kununua hicho chakula kwa faida ya kuuza vitumbua?

Tupige hesabu. Kuku wa kisasa wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 10 ni kilo 1.2, na mfuko wa kilo 50 hautimizi siku 42. Lakini huyo hurudisha mayai 250 na zaidi kwa mwaka. Wa kienyeji hutaga 40 hadi 60 tu, kisha huatamia. Mlishe mfuko uleule uone nani anamla nani.

Kumwachia kuku uwanja, eti ni uvivu! Mchwa, panzi, majani mabichi na makombo ya ugali ni mlo, tena protini ya mchwa hailipiwi. Nakubali, kiangazi wadudu hupungua; hapo ongeza pumba na dagaa kidogo jioni, mradi pumba zisiwe na ukungu, maana sumukuvu haichagui banda wala uwanja.

Kinachowafilisi wafugaji wetu ni kideri, na mwewe kwa upande wa vifaranga. Chanjo ya kideri ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, huokoa kuku ambao hakuna mfuko wa chakula ungewaokoa. Makala nzima haikuitaja.