Redio niachie mimi

Magari mengi tunayopanda Tanzania yametoka Japani yakiwa yameshatumika. Ukiwasha tu, dada wa Kijapani anakusalimia, na redio, kwa kuwa FM ya kwao inaanzia 76, haifiki 100 mpaka ifungiwe kifaa. Basi dereva anabonyeza, anazungusha, anatafuta stesheni, na macho hayapo njiani.

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde 2 za kutazama redio ni mita 33 bila kuona mbele. Kwenye vumbi la Ring'wani, wilayani Serengeti, mita hizo zinatosha ng'ombe na mchungaji wake kuingia barabarani.

Kiyoyozi nacho kina adabu yake. Mkipishana na lori, bonyezeni kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya gari, vumbi libaki nje. Likitulia, rudisheni hewa ya nje, maana hewa ileile huleta usingizi na ukungu kwenye kioo.

Kiti nacho tusikilaze gari likienda, mkanda hupanda tumboni. Mjamzito aupitishe chini ya tumbo, juu ya nyonga.

Dua ya safari tuisome, na mkanda tufunge. Tunaokaa kiti cha mbele tusione haya kusema, hata dereva akiwa mume: "Baba watoto, wewe tazama njia, redio niachie mimi." Huko si kumvunjia heshima, ni kumtakia arudi salama, yeye na wote aliowabeba.