Usiniambie Nichezeshe Midomo

Nilikuwa darasa la nne. Shule ilikuwa inamsubiri mgeni rasmi, na mwalimu wa kwaya alikuwa anapita mbele ya mstari wetu huku ameinama, sikio lake limeelekea vinywani mwetu. Akampita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwangu akasimama. Akasikiliza kidogo, akanigusa bega, akasema kwa upole kabisa: "Wewe chezesha midomo tu. Usitoe sauti."

Mgeni rasmi alipokuja nilichezesha midomo, na nikapigiwa makofi pamoja na wenzangu.

Niliendelea hivyo kwa miaka 15. Kwenye wimbo wa taifa, kwenye keki za watu, kwenye harusi za binamu zangu, midomo ilicheza na koo likakaa kimya. Mwaka juzi tukamzika bibi, mama yake mama. Kaburini wakaanzisha wimbo aliokuwa akiuimba kila jioni akichambua mchele, wimbo ninaoujua kuliko namba yangu ya simu. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mama mdogo akanikumbatia, akaninong'oneza, "Lia mwanangu, lia tu." Sikuwa nalia. Nilikuwa bado natii amri ya darasa la nne.

Sina ugomvi na mwalimu yule. Alikuwa na watoto wengi, siku chache, na mkuu wa shule aliyetaka mambo yaende vizuri. Ugomvi wangu ni na imani iliyomlea yeye na sisi sote: kwamba kuimba ni kipaji, Mungu humpa amtakaye, na asiyepewa akae kimya asiwaharibie wenzake. Imani hiyo ni ya uongo, na ni wakati tuache kuwarithisha watoto.

Baada ya mazishi nilirudi chuoni kuendelea na tasnifu ya uzamili, na nikaanza kutafuta mtu wa kunifundisha kuimba. Rafiki zangu walicheka. Mmoja aliniuliza kama nataka kutoa albamu. Mwingine akanipa methali, maana kwetu methali hazikosekani: samaki mkunje angali mbichi. Nilikuwa na miaka 25, tayari samaki mkavu.

Nilimpata kijana mmoja anayepiga kinanda kwenye harusi na kufundisha nyumbani kwake, Sinza. Shilingi 15,000 kwa saa, kila Jumamosi asubuhi. Chumba kilikuwa na kinanda, feni na mkeka. Nilidhani ataniambia niimbe ili anipime. Badala yake aliniambia nilale chali, nijiwekee kitabu tumboni, nipumue mpaka kitabu kipande na kushuka. Kisha nitoe pumzi kwa "sss" kama tairi linalovuja, yeye akihesabu. Siku ya kwanza nilifika sekunde 9. Somo la pili lilikuwa kutetemesha midomo kama mtoto anayeigiza injini ya lori. Watoto wa wapangaji walijaa mlangoni, wakatetemesha pamoja nami, na wote walinishinda.

Wiki ya tatu ndipo alipobonyeza kinanda na kuniambia nitoe sauti ileile. Nikatoa. Hata mimi nilisikia kwamba siyo. Nikasema, "Samahani, Mwalimu. Mimi sauti sina." Hakubishana nami. Aliniambia niimbe tena noti yoyote niipendayo na niishikilie. Nikafanya hivyo. Akatafuta kwenye kinanda, akashuka vitufe kadhaa, akabonyeza kimoja. Chumba kizima kikawa na sauti moja: ya kinanda na ya kwangu. "Hii hapa," akasema. "Hii unayo. Sasa tusogee kimoja tu."

Tulisogea kimoja kimoja kwa miezi. Njiani nikagundua jambo ambalo hadi leo linanikera. Sauti yangu ni nzito, ya chini. Wimbo wa mgeni rasmi ulikuwa umepangwa juu mno, mahali ambapo koo langu halikufika. Dawa ilikuwa kuushusha wimbo kidogo, au kunipa sauti ya pili. Kwa kukosa dakika tano za kujaribu, mtoto wa miaka 10 aliambiwa hana sauti, akaamini.

Ninapowaeleza watu haya, wananijibu kwamba wengine kweli hawawezi. Ni kweli, wapo. Kuna hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutofautisha noti, na watafiti huikadiria kwa kati ya asilimia 1.5 na 4 ya watu. Katika darasa la watoto 50 huyo ni mmoja, labda wawili. Sasa jiulize katika darasa lako wangapi waliambiwa wachezeshe midomo.

Waliobaki wana kila kinachotakiwa. Unapoimba ile noti wanayotumia kusawazishia ala, nyuzi za sauti kooni hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde, zikisukumwa na hewa ya mapafu. Misuli ndiyo inayozikaza na kuzilegeza, na sikio ndilo linaloiambia misuli imekosea wapi. Kwa wengi wetu hayo hukua kwa mazoezi. Mtoto akikosea hesabu tunampa nyingine afanye tena. Akikosea noti tunamnyamazisha, kisha tunashangaa kwamba hakujifunza.

Wala tusijidanganye kwamba kufundishana sauti ni mambo ya Wazungu. Mwenzangu chumbani hosteli ni mtu wa Tanga, amekulia madrasa. Nilipomsimulia habari ya kitabu tumboni, akacheka. Kwao, alisema, watoto wote walifundishwa tajwidi: herufi hii inatoka kooni, hii inatoka kwenye ncha ya ulimi, hapa unavuta, hapa unasimama upumue. Nikamuuliza ustadhi alimfanya nini aliyekosea. "Alimrudisha kwenye herufi ileile," akasema. "Tena na tena, mpaka unamwonea huruma." Hakukuwa na mtoto aliyeambiwa achezeshe midomo.

Chukua pia Siti binti Saad, ambaye tunapenda kumtaja kama ushahidi wa kipaji. Binti wa Fumba, anauza vyungu, ananadi bidhaa njiani, sauti inasikika mbali. Hapo ndipo wengi huishia kusimulia. Lakini Siti alipohamia mjini alifundishwa. Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, alimfundisha kuimba na kupiga ala, na ni baada ya masomo hayo ndipo tunapomkuta Bombay mwaka 1928 akirekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na sisi tumeushika ule mwanzo wa vyungu tukamsahau mwalimu. Hakika alikuwa na sauti kubwa. Ila sauti kubwa bila mwalimu ingeishia kuuza vyungu.

Na huo wimbo wa taifa niliouchezeshea midomo miaka yote? Muziki wake ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, aliyekuwa akiwatungia wanafunzi wake nyimbo. Aliziandika kwa solfa, do re mi, mfumo ulioenezwa Uingereza ili watu wa kawaida na watoto wajifunze kuimba bila kujua noti za kitabuni. Wimbo ulioandikwa kwa namna iliyokusudiwa kila mtu aweze, ndio tunaoutumia kuwanyamazisha watoto mbele ya bendera.

Hapa ndipo hasira yangu inapokuwa ya kisiasa. Kipaji ni neno rahisi kwa mwenye bajeti. Kama kuimba ni kipaji, hakuna haja ya kuajiri mwalimu wa muziki wala kununua kinanda. Kazi yako ni kuandaa shindano, kukaa mezani na majaji wenzako, na kucheka wanaokosea. Viongozi hawachoki kutuambia vijana wa nchi hii wana vipaji vingi. Nasikia, na ninauliza darasa liko wapi. Wakati huohuo, shule za ada ya mamilioni zina chumba cha muziki na mwalimu wake, na watoto wa huko hawaambiwi wana kipaji, wanapewa ratiba. Kwa hiyo mtoto wa tajiri anajifunza, na mtoto wa maskini anapimwa.

Sijasema kila mtu atakuwa mwimbaji. Tunawafundisha watoto wote kuandika, na hakuna anayedai wote wawe Shaaban Robert. Tunataka waweze kuandika barua, kujaza fomu, kusema yao. Kuimba nako kuna matumizi yake ya kila siku: kubembeleza mtoto, kusali, kumfurahia bibi harusi, kumzika mtu wako. Anayenyimwa hayo ananyimwa nafasi yake katikati ya watu.

Ningependa kusema mimi niko upande wa haki tangu mwanzo. Siko. Mwaka mmoja kabla ya msiba, mtoto wa dada yangu, ana miaka 6, alikuwa anaimba jikoni huku mimi nahangaika na sura ya pili ya tasnifu. Nikamwambia, "Hebu nyamaza, unatuumiza masikio." Akanyamaza. Sikulikumbuka neno hilo hadi nilipokuwa kwenye mkeka wa Sinza na kitabu tumboni. Mwalimu wangu wa darasa la nne angalau alikuwa mpole.

Kwa hiyo madai yangu si makubwa. Walimu: acheni kuchuja watoto kwenye kwaya za shule, shusheni wimbo, gawanyeni sauti, mrudisheni aliyekosea kwenye noti ileile. Viongozi wa kwaya mitaani na makanisani: wekeni siku moja ya wanaoanza, hata wenye miaka 40. Na wewe mwenye mdogo wako anayeimba bafuni, usimgongee mlango.

Mimi sasa nafika sekunde 24 kwenye "sss". Nikienda juu bado napotea, na kwenye daladala siwezi. Likizo iliyopita nilikwenda kwa dada. Nikamwomba radhi yule mtoto. Alikuwa ameshasahau, au alijifanya amesahau. Nikamwimbia wimbo wa bibi, taratibu, kwenye sauti yangu ya chini. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mamdogo, hapo katikati umekosea."

Nikamwambia anionyeshe. Akaimba, na mimi nikamfuata.