Mali bila daftari: Kodi ambayo mfanyabiashara mdogo hakustahili kuilipa

Kila inapokaribia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, minong'ono huongezeka katika masoko yetu. Hizo ndizo tarehe za kulipa awamu nne za kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo. Wapo wanaofunga vibanda wakisikia maofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) wanapita mtaani. Wapo pia wanaolipa chochote wanachoambiwa, mradi waachwe waendelee na shughuli zao.

Makundi yote mawili yanapoteza fedha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili la kodi usemi huo unaweza kuthibitishwa kwa hesabu.

Mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi Sh100 milioni hukadiriwa kwa kuangalia mauzo, si faida. Utaratibu huu hauwahusu watoa huduma za kitaalamu, kama vile wanasheria na wahasibu, wala wakandarasi. Katika jedwali lililowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka halipi kodi hiyo. Mwenye mauzo ya kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni hulipa Sh100,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa nazo, hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi Sh4 milioni. Kati ya Sh7 milioni na Sh11 milioni, asiye na kumbukumbu hulipa Sh250,000, na mwenye nazo hulipa Sh90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi Sh7 milioni.

Tuchukue mfano wa mama anayenunua mpunga Mbarali, akaukoboa na kuuza mchele mjini Mbeya. Mauzo yake kwa mwaka ni Sh9 milioni. Bila daftari, kodi yake ni Sh250,000. Akiwa na daftari, analipa Sh90,000 na kuongeza asilimia 3 ya Sh2 milioni, yaani Sh60,000. Jumla ni Sh150,000. Tofauti ni Sh100,000 kila mwaka, kwa biashara ileile na mchele uleule. Kwa mwenye mauzo ya Sh5 milioni, tofauti ni kati ya Sh100,000 na Sh30,000.

Wengi hawajui hata wapo kundi gani, kwa sababu hawajawahi kujumlisha mauzo yao. Sh4 milioni kwa mwaka ni wastani wa Sh11,000 kwa siku. Sh11 milioni ni kama Sh30,000 kwa siku. Asiyeweza kuonyesha kwamba siku za mvua aliuza Sh6,000 tu, atakadiriwa kwa siku ya gulio.

Kumbukumbu zinazotakiwa si za mhasibu. Nunua daftari la kawaida. Kila jioni andika tarehe, ulichouza, kiasi na fedha uliyopokea. Upande wa pili andika ulichonunua na gharama zake: usafiri, magunia, kukoboa na pango. Unaponunua mazao kwa mkulima asiyetoa risiti, andikianeni hati fupi yenye jina lake, kijiji, kilo, bei na sahihi zenu. Dukani kwenye pembejeo au vipuri, dai risiti ya mashine ya kielektroniki na uihifadhi. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano, na daftari la Kiswahili linakubalika.

Jambo la pili ni simu. Wafanyabiashara wengi hupokea fedha za mauzo, mchango wa harusi na ada ya mtoto iliyotumwa na mjomba katika laini moja. Siku ya kukadiriwa, mihamala yote inafanana. Tenga laini ya biashara, na fedha za ndugu zisipite huko.

Tatu, tofautisha kodi ya mapato na ushuru wa halmashauri. Stakabadhi ya ushuru wa mazao uliolipa getini haifuti deni lako TRA. Vilevile, jua kilichoondolewa. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwenye magunia matano ya mahindi ya kilo 100 ana haki ya kuuliza anatozwa kwa kifungu gani.

Nne, usikae kimya ukiona makadirio si sahihi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi siku 30 tangu apokee makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Anatakiwa kulipa kiasi ambacho hakibishaniwi au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa, na anaweza kumwomba Kamishna ampunguzie sharti hilo akiwa na sababu za msingi. Wengi hulalamika kwa majirani hadi siku 30 zinapita. Hapo hata mwenye haki hubaki na deni.

Kwa anayeanza biashara, namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa bure, na inatakiwa kuombwa ndani ya siku 15 tangu kuanza. Anayekutoza fedha kwa ajili ya namba hiyo anakuuzia kitu kisichouzwa.

Mkulima ana ugumu wake. Fedha yake huja kwa mkupuo baada ya mavuno, lakini awamu za kodi zimegawanywa sawasawa kwa mwaka mzima. Dawa ni kutenga fungu la kodi siku ileile anayouza, kabla fedha haijaingia kwenye matanga na sherehe. Mavuno yakiharibika, makadirio ya mwaka yanaweza kurekebishwa, ila ni lazima aende mwenyewe na daftari lake mkononi.

Upande wa Serikali nao una wajibu. Jedwali linalompa nafuu mwenye daftari halina maana kama mkulima wa kijijini hajawahi kuliona. Tunashauri jedwali hilo libandikwe katika kila ofisi ya kata na kila soko, na maofisa ugani wanaofundisha nafasi za kupanda mahindi wafundishe pia namna ya kuandika mauzo. Na ofisa anayemkadiria mtu aanze kwa kumuuliza kama ana kumbukumbu, si kumpa kiwango cha juu kwa kuwa hakusema.

Kwa kuwa Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka na viwango vinaweza kubadilika kuanzia Julai 1, ulizia jedwali la mwaka husika kabla hujalipa. Daftari lenyewe anza kuliandika leo jioni, maana mauzo ya miezi iliyopita hayakumbukiki kwa kichwa.