Karatasi za Kimathi ni maneno ya nani?

KATIKA miji ya Mlima Kenya, kuanzia Kianyaga hadi Nyeri, jina la Dedan Kimathi halihitaji utangulizi. Yanayostahili kuchunguzwa ni maandishi yanayobeba jina hilo.

Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Barua na nyaraka zinazonasibishwa naye zilitolewa kitabuni miaka ya 1980 chini ya uhariri wa mwanahistoria Maina wa Kinyatti, ambaye wakati huo alikuwa mfungwa wa kisiasa. Msomaji alipewa kwa Kiingereza maneno ambayo mengi yaliandikwa kwa Kigikuyu. Aliyeamua barua ipi iingie na ipi iachwe, na neno gani litumike kuifasiri, ni mhariri. Naye Kinyatti, Mmaksi asiyeficha msimamo wake, alikuwa na hoja yake kuhusu Mau Mau kabla kitabu hicho hakijatoka.

Waruhiu Itote, yaani Jenerali China wa msitu wa Mlima Kenya, alichapisha kitabu chake mwaka 1967 akiwa hai. Aliyetaka kumbishia alijua pa kumpata.

Tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, mzaliwa wa Kirinyaga iliko Kianyaga, ilimtungia Kimathi maneno waziwazi mwaka 1976. Ajabu ni kwamba haina utata wowote, kwani hakuna anayeihesabu kuwa kazi ya Kimathi.

Hata kumbukumbu za kesi yake ya Nyeri ya 1956, zilizochapishwa na Julie MacArthur mwaka 2017, zilipitia kwa mkalimani. Iliyo karibu zaidi naye ni barua aliyomwandikia Padri Marino mkesha wa kunyongwa, akiomba mwanawe asomeshwe.

Wapo watakaouliza: mbona Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyochapishwa 1968, miaka sita baada ya kifo chake, inahesabiwa yake bila ubishi? Jibu ni kwamba Shaaban alikuwa mtunzi aliyeandika ili asomwe. Kimathi aliandika kuamrisha vita.

Kuzitupa karatasi hizo kungekuwa hasara kubwa. Zinastahili kubaki rafuni, jina la mhariri likionekana kama la Kimathi, na Kigikuyu kiwekwe sambamba na tafsiri ili mwanafunzi wa Kianyaga anayekijua ajipimie mwenyewe.